Muulize Fundi Picha: Simu ya mwanangu inaishinda kamera yangu usiku

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mkazi wa Kigamboni na kazi yangu ni uhasibu pale Posta, kwa hiyo pantoni navuka nalo asubuhi na jioni. Kuvuka huko ndiko kulikonitia ugonjwa wa picha. Jioni ukisimama nyuma ya pantoni ukautazama mji unavyowasha taa, hasa yale maghorofa pacha ya mfuko wa pensheni wa PSSSF na jengo la Mamlaka ya Bandari, unatamani kila mtu auone kama unavyouona wewe.

Mwaka jana nilinunua kamera ya Canon 80D iliyokwishatumika pamoja na lenzi yake ya milimita 18-55. Mwisho wa wiki napiga vishughuli vidogovidogo: kipaimara, send-off, mahafali ya chekechea. Huko sina malalamiko, na wateja hawana. Balaa liko kwenye picha za mji usiku.

Mwenye mgahawa mmoja jirani aliziona kwenye simu yangu akazipenda, akaniagiza moja ya ukutani yenye upana wa sentimita 90. Nikachapa kwa hela yangu nikitegemea atanirudishia. Ilipofunguliwa nilitamani niikunje tena. Taa zimekuwa mabonge meupe, anga ni jeusi tii, madirisha ya maghorofa hayatofautiani, na ukisogea karibu ni chengachenga tupu. Mwenye mgahawa hakuikataa. Alisema tu, "Dada, tuipe muda kidogo," na wewe unajua maana yake.

Nakutumia picha mbili. Ya kwanza ndiyo iliyochapwa. Niliipiga juu ya pantoni saa tatu usiku, nimeegemea ukingo: tundu la lenzi f/3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), sehemu moja ya kumi ya sekunde, wepesi wa kamera kwa mwanga ISO 6400. Ya pili niliipiga baada ya kusoma kwamba picha za usiku zinataka tripodi (kisimamio cha miguu mitatu) na tundu dogo la lenzi. Nilisimama ufukweni upande wetu, saa tatu vilevile: milimita 18, f/22, sekunde 30, ISO 100. Chengachenga zimekwisha, lakini bado haikati, yaani si kali, na sijui kwa nini inaonekana tupu. Ni mji uleule ninaoupenda, ila kwenye picha hauna habari.

Kinachoniuma zaidi ni mwanangu wa kidato cha pili. Alisimama palepale na simu yake, akabonyeza mara moja, na picha yake ikatoka kali kuliko yangu. Baba yake anacheka hadi leo, anasema kamera imekula ada ya muhula.

Mwenzangu wa kwenye maharusi ananiambia lenzi niliyonayo ni ya kujifunzia tu, bila lenzi ya f/1.4 usiku nisahau. Nimeanza kudunduliza. Je, ninunue? Na hiyo habari inayokosekana kwenye picha naitafuta wapi?

*Mhasibu wa Kigamboni*

---

Marahaba, binti yangu.

Hela ya lenzi iache hukohuko unakodunduliza. Lenzi ya f/1.4 ni kitu kizuri kwa anayepiga watu usiku bila tripodi: mama anakaanga mihogo Kariakoo, bwana harusi anaingia ukumbini na taa zimezimwa. Maghorofa hayatembei. Kitu kisichotembea ukiwa na tripodi unakipa sekunde nane au kumi na tano, na hiyo 18-55 yako ukiipeleka f/8 itakuonyesha madirisha bila wasiwasi. Tena lenzi hizo za tundu kubwa zikifunguliwa zote, taa zilizo pembeni mwa fremu huota mabawa. Ungetumia mamilioni halafu uishie kuibana hadi f/8 vilevile.

Nianze na saa, kwa sababu ndiyo imeharibu picha zako zote mbili kabla hujagusa kitufe chochote. Picha nzuri ya mji wa usiku haipigwi usiku. Saa tatu anga limeshakufa. Taa moja ya barabarani na lile anga juu yake vinatofautiana mwanga kiasi kwamba kamera haiwezi kuvibeba pamoja: ukiihurumia taa, anga linakuwa lami; ukilihurumia anga, taa inaungua. Picha yako ya kwanza imeungua taa na bado anga ni jeusi, yaani umepoteza kotekote.

Unachokitaka ni kile kipindi kifupi ambapo jua limeshazama, taa za mji zimeshawaka, na anga bado lina bluu. Hapo mwanga wa juu na wa chini vinakaribiana, na kingo za maghorofa zinajichora zenyewe dhidi ya anga. Picha nyingi zinazosifiwa kwa ukali zimepata ukali wao hapo. Jicho huona ukali penye mpaka kati ya kitu na kitu, na ghorofa jeusi mbele ya anga jeusi halina mpaka.

Sasa, mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao majira yao ya joto jua linazama kwa mshazari na bluu inakaa sana. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima, takriban nyuzi moja kila dakika nne. Kwa Dar bluu nzuri huanza kama robo saa baada ya jua kuzama na hudumu robo saa nyingine hivi, basi. Mwezi wa tano na wa sita jua huzama kama saa kumi na mbili na robo, na Februari hukaribia saa moja kasoro robo. Wewe unaishi kwenye mji wenye misikiti, huhitaji programu ya simu. Adhana ya magharibi ikianza, tripodi iwe imeshasimama na fremu umeshaichagua. Ikifika ya isha, funga begi uende kupika.

Tena una bahati ya upande unaoishi. Ukiwa Kigamboni ukiutazama mji, unatazama magharibi. Jua linazama nyuma ya maghorofa, kwa hiyo sehemu ya chini ya anga inabaki na wekundu kidogo wakati juu kumeshakuwa bluu. Wanaopiga kutoka ng'ambo ya pili hawaipati hiyo jioni.

Tuje kwenye kutokukata. Nimezikuza picha zako kwenye kompyuta hadi zikajaa kioo, na hili nakuomba ulifanye mwenyewe kila mara kabla ya kulaumu lenzi. Tafuta taa moja ndogo ya mbali uiangalie umbo lake. Taa iliyotulia ni nukta. Taa iliyokuwa duara kama sarafu, yenye ukingo laini, inakwambia fokasi, yaani ulengaji wa ukali, imekosea. Taa yenye mkia inakwambia kamera ilisogea. Na kama taa za majengo ni nukta lakini za boti zina mikia, kamera yako haina kosa, boti ndiyo iliyotembea.

Kwenye picha ya kwanza kila taa ina mkia uliojikunja kama herufi iliyoandikwa na mtoto. Hiyo ni injini ya pantoni pamoja na mkono wako. Sehemu moja ya kumi ya sekunde mkononi ni ndefu mno. Kwa lenzi ikiwa milimita 55 kwenye kamera yako ungehitaji walau sehemu moja ya tisini ya sekunde. Na usidhani tripodi ingekusaidia mle ndani, maana sakafu yenyewe inatetemeka na chombo kizima kinayumba. Kwenye pantoni tazama, chagua, kisha ukapigie nchi kavu.

Picha ya pili ndiyo iliyonifurahisha. Taa zote zina mkia mmoja mfupi, ulionyooka wima, na yote imeelekea upande mmoja. Upepo hauchori hivyo, upepo ungetikisa huku na huku. Mkono uliobonyeza kitufe ungeacha kijitetemo cha mwanzoni tu. Mkia wima unaokwenda upande mmoja kwa sekunde 30 ni tripodi inayozama taratibu mchangani. Bila shaka ulisimama pale kwenye mchanga mbichi ambapo wimbi hufika na kurudi, na kila likirudi linachimba chini ya miguu. Panda juu hadi kwenye mchanga mkavu au, bora zaidi, juu ya saruji au jiwe. Kama huna budi kuwa mchangani, ikandamize miguu kwa nguvu mpaka ikatae, weka vipande vya mbao au vigae chini ya kila mguu, na usubiri kidogo kabla ya kuanza.

Ile nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe. Afadhali uiname kuliko kuiweka kamera juu ya kijiti. Begi ukilining'iniza katikati kwa ajili ya uzito, liache liguse chini kidogo, vinginevyo kusi likivuma litakuwa bembea na kuitikisa kamera badala ya kuituliza. Weka taima ya sekunde mbili ili kidole kiwe kimeshaondoka shata (pazia la ndani ya kamera) linapofunguka, na piga ukiwa unaangalia kwenye kioo cha nyuma, kwa kuwa hapo kile kioo cha ndani kimeshanyanyuka na hakitakupigia teke. Swichi ya kutuliza mtetemo iliyo ubavuni mwa lenzi izime ukiwa kwenye tripodi. Ukirudi kwenye kipaimara iwashe.

Bado kuna f/22. Aliyekwambia "tundu dogo" hakukuambia dogo kiasi gani. Mwanga ukipita kwenye tundu jembamba sana hutawanyika, na picha nzima inakuwa kama imepakwa mafuta, hata kama kila kitu kingine kimetulia. Kwa kamera ya ukubwa wa yako, kaa f/8. Ukitaka taa zichomoze miale ya nyota nenda f/11, hapo ishia. Kumbuka pia kwamba f/8 kwa sekunde nne inakupa mwanga uleule wa f/22 kwa sekunde 30. Ulijipa sekunde 26 za ziada za kuzama mchangani bila faida yoyote.

Ukirudi f/8, kosa ambalo f/22 ilikuwa inakufichia litajitokeza: fokasi. Lenzi yako haina alama ya mbali kabisa, na ukizungusha pete kwa kukisia unapitiliza. Washa kioo cha nyuma, peleka kile kimraba kwenye taa ya mbali au ukingo wa dirisha lenye mwanga, kuza mara kumi, kisha zungusha taratibu mpaka taa iwe ndogo kuliko zote. Au iache kamera itafute yenyewe wakati bado kuna mwanga wa kutosha, halafu sogeza swichi ya lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, ili isije ikaanza kuhangaika gizani. Ukivuta zumu, rudia tena.

Kitu kingine kilichonichekesha kidogo: vile vidoa vya kijani vinavyoelea juu ya anga kwenye picha ya pili. Vihesabu, vinalingana na taa kali za bandarini, ila vimepinduliwa upande wa pili wa fremu. Hizo si nyota wala ndege. Ni filta ya kulinda lenzi, mwanga unarukaruka kati yake na kioo cha lenzi. Usiku ivue. Ukiwa ufukweni, futa lenzi kila baada ya muda kwa kitambaa safi, maana chumvi ya bahari haionekani kwa macho lakini inaizungushia kila taa ukungu.

Kuhusu mwanga wenyewe sina mengi. ISO 100, f/8, piga RAW (faili ghafi la kamera), anza na sekunde mbili na uongeze kadiri giza linavyoingia: nne, nane, kumi na tano. Washa onyo la sehemu zilizoungua. Balbu yenyewe na mabango ya LED yakipepesa, yaache. Madirisha yakipepesa, punguza muda. Rangi usiiachie kamera, weka mwenyewe kipimo cha rangi ya mwanga kati ya 3500K na 4000K, ili anga libaki bluu na taa za njano zisigeuke machungwa. Na zima ile huduma ya kamera ya kupunguza chenga za muda mrefu. Inapiga picha ya pili ya giza yenye urefu uleule, kwa hiyo kila sekunde 15 zinakuwa 30, na kwenye bluu yetu ya robo saa huna muda wa kugawa. Wanaoshona picha tano za mwanga tofauti mpaka mji ung'ae kama keki siwazuii, ila mimi simtumii mteja kitu hicho.

Sasa hiyo habari unayoitafuta.

Picha yako ya pili nimeigawa kwa rula. Zaidi ya theluthi mbili ni nyeusi: anga jeusi juu, maji meusi chini, na katikati ukanda mwembamba wa taa, kila ghorofa likiwa na ukubwa wa punje. Kwa macho ulipokuwa pale uliona mji, kwa sababu macho huchagua na kusahau mengine. Lenzi ya milimita 18 haichagui. Imekuletea kila kitu, na kila kitu kikawa kidogo.

Kwa hiyo vuta. Nenda milimita 55, na kama kuna jirani mwenye lenzi ya 55-250 mwazime jioni moja. Kisha jibu swali hili kabla ya kufungua miguu ya tripodi: picha hii inahusu nini? "Mji" si jibu. Yale maghorofa mawili na pantoni linalopita chini yake, hilo ni jibu. Ngalawa iliyofungwa karibu na mwanga wa mji unaoishia ubavuni mwake, hilo pia. Ukishajibu, kata kila kisichosaidia, na anga jeusi lisilo na kitu liwe la kwanza kukatwa. Mstari wa maji usiuweke katikati kabisa isipokuwa umeamua kwamba kivuli cha mji majini ni sawa kwa uzito na mji wenyewe, na siku hiyo lazima maji yawe yametulia kweli.

Pantoni ulilolipanda miaka yote hii ndilo litakalokupa uhai. Usilisubiri lipite ndipo upige. Fremu ikiwa tayari, subiri mpaka taa zake za mbele ziingie ukingoni mwa picha, kisha fungua shata kwa sekunde 15. Litaacha utepe wa mwanga juu ya maji, na mtu wa Kigamboni akiuona ukutani ataujua bila kuambiwa. Utepe ukiwa mnene mno na kuyafunika maghorofa, rudi sekunde sita.

Maji nayo yana ratiba. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa bandarini Dar hupita mita tatu. Ukienda maji yakiwa yamekupwa utapiga tope, mwani na mifuko ya rambo. Yakiwa yamejaa, mwanga wa mji unakuja hadi miguuni pako. Angalia jedwali la maji. Kwa kawaida siku mbili tatu baada ya mwezi kamili, au baada ya mwezi kuandama, maji hujaa karibu na magharibi, na hizo ndizo jioni za kuomba ruhusa kazini kutoka mapema. Usiku wa upepo mkali kivuli cha taa majini huvunjika vipandevipande. Ukikipa sekunde 20 kinakuwa nguzo laini za rangi, ukikipa moja kinabaki vipande. Vyote ni halali, ila amua wewe, usimwachie upepo aamue. Hewa iliyo safi kuliko zote utaipata jioni inayofuata mvua, vumbi na moshi vikiwa vimeoshwa. Mvua za vuli zikianza usijifungie ndani.

Kama unataka kubadilisha upande, shuka Magogoni kabla ya kuvuka, ujaribu barabara ya Kivukoni ukitazama kuelekea bandarini: Kanisa la Azania Front lililojengwa na Wajerumani, na nyuma yake vioo vya maghorofa ya leo. Hapo huhitaji kueleza chochote, kanisa dogo na majengo makubwa vinajieleza. Ila ukielekeza kamera juu ili kuingiza vilele, majengo yataanguka kwa nyuma. Rudi nyuma, iweke kamera sawa kabisa kwa kile kipima usawa kilichomo ndani yake, halafu ukate barabara iliyozidi chini ukiwa nyumbani. Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, nalo ni zuri likipigwa kutoka mwisho wake wa upande wa ufukwe wa Coco. Usisimame katikati yake na tripodi, kila lori likipita linatetemeka. Ukialikwa kwenye mgahawa wa ghorofani wenye madirisha yasiyofunguka, beba kaniki. Ibandike lenzi kwenye kioo na uizungushie hiyo kaniki, na taa za ndani hazitajitokeza kwenye picha.

Na hapa nasema kama mzazi. Ikulu iko palepale Magogoni, na upande wenu wa Kigamboni kuna jeshi la wanamaji. Geuza fremu yako kuelekea mjini, usijaribu ujanja, na mlinzi akikuuliza mwonyeshe kilichomo kwenye kamera kwa upole. Ufukweni gizani usiende peke yako. Huyo baba anayecheka mchukue awe mlinzi wa begi, labda akiona kazi yenyewe ataacha hesabu za ada.

Mwanao hakukushinda kwa kamera. Simu yake ilipiga picha nyingi kwa mfululizo ndani ya sekunde chache, ikazilinganisha, ikazichanganya kuwa moja, ikazipunguza chenga na kuziongezea ukali, yote kabla hajashusha mkono. Imefanya kwa kompyuta kile ulichotakiwa kufanya kwa tripodi. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Mwombe faili lake ulikuze hadi saizi ya ukuta wa mgahawa, utaona madirisha yamegeuka madoa ya rangi, yamechorwa kwa kukisia. Hata hivyo muazime simu hiyo wakati wa kutafuta fremu. Kuzunguka ufukwe mzima na simu ni rahisi kuliko kuhamisha tripodi kila hatua tano.

Tumalizie kwa picha ya mgahawa, maana huyo mtu bado anakudai picha. Kamera yako hutoa pikseli 6000 kwa upana. Ukizigawa kwa sentimita 90 unapata kama 67 kwa kila sentimita, na kwa picha inayotazamwa na mtu aliyekaa mezani hizo zinatosha. Ukitaka ziada, geuza kamera iwe wima, weka milimita 55, piga picha nne au tano kutoka kushoto kwenda kulia huku kila moja ikiifunika jirani yake kwa theluthi, kila kitu kikiwa kimefungwa kwa mkono, fokasi na rangi pia, halafu uziunganishe kwenye kompyuta. Hiyo itakupa madirisha ya kuhesabu.

Kabla ya kupeleka kuchapa, shusha mwangaza wa kioo cha kompyuta. Watu wengi huhariri picha za usiku kwenye kioo kinachowaka kama jua, kisha wanashangaa karatasi imetoka giza. Punguza chenga kwanza, ukali uongeze mwishoni, tena kidogo. Na usichape yote kwa mkupuo. Mwambie mchapaji akutolee kipande cha sentimita 20 tu kutoka katikati ya picha, kwa ukubwa uleule wa mwisho, kwenye karatasi ileile. Kibandike ukutani mgahawani, taa za pale zikiwa zimewashwa, mwenye mgahawa akiwepo. Ukirudi nyuma hatua mbili na madirisha ya PSSSF bado yanatofautiana moja moja, chapa.

*Fundi Picha*